Mrejesho: pochi ya vipande vya vitenge imesimama

Wakuu, habari za tangu juzi. Mimi ni yule wa Ujiji niliyeuliza kwa nini pochi yangu ya mabaki ya vitenge inalegea kama soksi na zipu inajikunja mawimbi.

Mlinipa majibu mengi, nikafuata mawili. Kwanza gamu. Nilipiga pasi gamu ya kitambaa (ile ya kubandika ili kitambaa kikakamae) nyuma ya kila kipande kabla ya kuunga, na ndani badala ya bitana ya kawaida nikaweka mguu wa jinzi kuukuu la mume wangu (hajajua bado). Sasa ukiiweka mezani inakaa wima yenyewe. Pili, zipu niliipiga bandi kwa mkono kwanza (mishono mirefu ya kuishikilia kwa muda), ndipo nikapitisha cherehani. Mawimbi hakuna.

Ila kuna kitu hamkuniambia! Nilishona pande zote huku zipu imefungwa kabisa. Kuigeuza haiwezekani, maana nje iko ndani na kishikizo cha zipu kiko upande wa pili. Nilifumua upande mmoja kwa wembe usiku, mtoto ananishikia tochi ya simu. Kwa hiyo acheni zipu nusu wazi kabla ya kufunga pembeni.

Sindano moja ilikatika kwenye kona, jinzi zimerundikana. Nikaweka sindano nene zaidi, namba 16, nikapunguza pembe kwa mkasi, ikapita.

Dada wa Mwanga uliyesema nitupe vile vipande, shemeji yako ameshaniomba ya pili.