Tochi ya kuwindia mbweha usiku: lumeni kibao lakini sioni kitu, nisaidieni

Mchungaji Mchovu:

Wakuu habari zenu. Kuna mbweha wananisumbua huu ni kama wiki ya tatu, walianza na kuku nikasema ngoja nirekebishe banda, nikarekebisha, wakahamia kwa wanakondoo. Kibali cha kuwapunguza ninacho na bunduki ninayo kihalali, hapo msinisumbue, shida yangu mimi ni mwanga. Nilinunua tochi imeandikwa kwenye boksi lumeni 10,000, nikajua basi leo usiku unageuka mchana. Nikatoka nayo mpaka kona ya uzio nikaiwasha, aisee nyasi za mbele yangu zinawaka kama uwanja wa mpira, ila kule mita mia na hamsini wanakopitia wao ni giza tupu, naona macho mawili yanametameta afu yanapotea. Na wenyewe nikimulika tu wanakata mbio, hata bunduki sijainua.

Sasa naomba kujua ninunue yenye lumeni ngapi? Na hizi habari za taa nyekundu na taa ya kijani ni kweli au ni maneno ya wauzaji tu? Msaada tafadhali, kondoo wanaisha.

Fundi Taa:

Pole mkuu. Hapo ulipoingia wengi tumeingia, mimi mwenyewe ninayo moja ya hivyo kabatini, watoto wanachezea.

Iko hivi, lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye tochi, uende kushoto, uende juu, uende miguuni kwako, wote unahesabiwa. Kinachopeleka mwanga mbali ni kandela, yaani ukali wa mwanga pale katikati ya mwale. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani, maji ni yale yale lakini ukiacha mdomo wazi yanamwagika hapo hapo, ukiubana kwa kidole gumba yanaruka mpaka kule. Tochi yako haijabanwa.

Geuza boksi utafute maandishi madogo, tochi ya maana huwa imeandikwa kandela. Ukishaipata chukua hiyo namba, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2, hiyo ndo mita inazofika kwa kipimo cha ANSI FL1 kinachotumiwa na watengenezaji wengi. Kandela 10,000 ni mita 200. Kandela 90,000 ni mita 600. Umeona hapo? kandela zimepanda mara tisa lakini umbali umepanda mara tatu tu, maana mwanga ukienda mbali mara mbili unabaki robo.

Na hiyo mita 600 usiifurahie bado. Kipimo kinaishia pale mwanga unapobaki 0.25 luksi (kipimo cha mwanga unaofikia kitu), na hiyo ni kama mbalamwezi ya mwezi mpevu basi. Kwa mbalamwezi utajua kuna kitu, ila ni kitu gani hutajua, na wewe unataka kupiga risasi. Mimi nagawanya kwa tatu mpaka nne. Wewe mbweha wako wapo mita 150, tafuta tochi iliyoandikwa mita 450 hadi 600, yaani kandela kama 50,000 mpaka 90,000. Lumeni hata 1,000 zinakutosha kabisa.

Umbo nalo linakwambia. Angalia lile bakuli linalong'aa kuzunguka taa, likiwa pana, limezama ndani na limelainika kama kioo hiyo inatupa mbali. Likiwa fupi, au taa zimepangwa nyingi nyingi kama punje za mahindi, hiyo ni ya kumulikia sherehe. Na hizo 10,000, kama tochi yenyewe inaenea mfukoni, hata zikiwa za kweli zinadumu dakika moja mbili inapata moto inajishusha yenyewe.

Mchungaji Mchovu:

Duh. Nimegeuza boksi, kandela hawajaandika popote, wameandika "inafika kilomita 2" na picha ya mnara.

Fundi Taa:

😂😂 kilomita 2 ni kandela milioni moja mkuu. Hiyo hesabu ifanye mwenyewe halafu uangalie hicho kitochi chako.

Usiku Mnene:

Fundi kamaliza kwenye umbali, mi niseme kwenye rangi maana hapo watu wanapotoshana sana.

Jamii yote ya mbwa, mbweha wakiwemo, macho yao yana aina mbili tu za seli za kuonea rangi, sisi tuna tatu. Wanaona vizuri upande wa bluu na njano, nyekundu kwao inafifia sana. Inafifia, sijasema haipo, ukimpiga na nyekundu kali usoni anaijua. Lakini ni tofauti na nyeupe kama mbingu na ardhi. Na faida ya pili ambayo watu wanaisahau ni macho yako wewe, ukikaa gizani inachukua karibu nusu saa macho yazoee vizuri, ukiwasha nyeupe sekunde tatu unaanza upya, nyekundu hafifu haikuharibii hivyo.

Kijani kinakuja hivi, jicho la binadamu gizani linakamata kijani kuliko nyekundu, kwa hiyo kwa nguvu ile ile ya umeme kijani unaona mbali zaidi na umbo linatoka vizuri. Shida ni kwamba mbweha naye anaikamata vizuri tu. Mimi napenda nyekundu, kuna jamaa zangu hawasikii kitu zaidi ya kijani, tukikutana ni ubishi mpaka asubuhi.

Ila usinunue kile kioo chekundu cha kuvalisha juu ya tochi nyeupe, kinakula mwanga mwingi mno, tochi yako nzuri inarudi kuwa mshumaa. Tafuta ambayo taa yenyewe ya ndani ndo nyekundu.

Babu wa Mitego:

Vijana mnabishana rangi na huyu mwenzenu mbweha wanamkimbia kabla hata hawajajua rangi.

Mjukuu, mwanga ukitokea ghafla katikati ya giza mnyama lazima ashtuke, uwe mweupe uwe wa zambarau. Mimi nawasha tochi ikiwa imeelekezwa juu, angani, halafu naishusha polepole mpaka ule ukingo wake hafifu uguse nyasi. Kile kiini chenyewe kikali sikigusishi mnyama kabisa, nakipitisha juu ya kichwa chake. Macho yake yatakurudishia mwanga hata kwa ule ukingo tu. Akisimama kuangalia, tulia hapo hapo, mkono usicheze, na ukishamwona usizime. Watu wengi wanaona macho, wanafurahi, wanazima ili washike bunduki vizuri, wakiwasha tena shamba tupu.

Chagua tochi yenye kupunguza na kuongeza mwanga taratibu kwa kuzungusha, uanze chini kabisa uende unapandisha. Zile za kubofya bofya, mara kali mara hafifu mara inamwekamweka kama gari la polisi, hizo hazifai. Na swichi iwe kimya. Kwa masikio ya mbweha ile "ta!" ya swichi ni sawa na kumwita jina.

Halafu upepo. Umesimama kona ya uzio, upepo unavuma kwenda wapi? Maana inawezekana unamlaumu tochi bure.

Mchungaji Mchovu:

Shikamoo babu. Upepo sikuuwaza hata kidogo, kweli nakumbuka ulikuwa unanipiga mgongoni 🤦

Fundi na Usiku Mnene asanteni sana. Swali la mwisho, niifunge juu ya bunduki au nishike mkononi? Peke yangu mikono haitoshi.

Mama Beberu:

Zote mbili, na ngoja nikueleze kwa nini maana hili nililijua kwa njia mbaya.

Mwanzoni nilikuwa na tochi moja nimeifunga kwenye bunduki. Sasa ukitaka kutafuta mnyama inabidi uzungushe bunduki, na kila unachomulika mtutu unakiangalia. Unamulika zizi, mtutu unaangalia zizi. Unamulika njia, mtutu unaangalia njia. Usiku mmoja nimezungusha hivyo nikaona macho mawili chini ya mti, yanang'aa kijani, urefu ule ule wa mbweha, yananitazama tu. Nimeshatoa usalama wa bunduki, nikasema ngoja ageuke nione mkia, akageuka, akaanza kutikisa mkia. Mbwa wangu mwenyewe. Alikata kamba akanifuata. Nilikaa chini pale pale miguu haina nguvu, usiku ule sikuwinda tena.

Kwa hiyo ya kutafutia iwe ya kichwani au mkononi, nyekundu hafifu, bunduki imeelekea chini. Ukishamjua ni nani na nyuma yake kuna nini, ndo unanyanyua bunduki na kuwasha ile ya juu, nyeupe kama unaweza, maana kwa nyekundu kila kitu ni kivuli cheusi, mbweha na mbwa wa rangi ya kahawia huwatofautishi.

Na usije ukamwambia mtu umemjua mnyama kwa rangi ya macho. Kuna wanaojifanya wataalamu, kijani ni huyu, chekundu ni yule. Nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, mbuzi anao, ng'ombe anao, paka anao, mbwa anao, na rangi inabadilika kwa jinsi alivyoinamisha kichwa tu. Hata buibui wa kwenye nyasi macho yake yanametameta, mwanzoni nilidhani ni umande. Na binadamu huo utando hana, nguruwe pia hana, kwa hiyo usipoona macho haimaanishi hakuna mtu amelala pale.

Usiku Mnene:

Mama Beberu umesema kweli tupu, hapo kwenye nyeupe mwishoni nakubali, hata mimi nyekundu naitumia kutafutia tu.

Fundi Taa:

Naongezea kwenye ya kufunga juu ya bunduki. Sio kila tochi inavumilia mshindo. Fungua uangalie betri inakokaa, iwe na springi mbele na nyuma, ikiwa na springi upande mmoja tu basi ukifyatua betri inaruka, tochi inazima sekunde ile ile unayotaka kuona risasi imeenda wapi. Na isogeze mbele kiasi kwamba mwanga wa pembeni usigonge mtutu, ukigonga unarudi kwenye darubini ya bunduki unaona ukungu mweupe. Kabla ya kutoka ilinganishe na darubini ukutani au kwenye mti ulio umbali unaowindia, sio mezani.

Betri, chukua inayotumia 18650 au 21700, hayo ni majina ya vipimo, ya kwanza upana milimita 18 urefu 65, ya pili 21 kwa 70. Hiyo kubwa inakaa zaidi. Ukiona 18650 imeandikwa mAh 9,900 (hicho ni kipimo cha umeme inaobeba) usinunue, za kweli nyingi zinaishia kama 3,500. Kukiwa na baridi zinapungua nguvu, kwa hiyo ya akiba iweke mfuko wa ndani, sio kwenye begi. Iliyovimba au iliyochubuka ganda tupa, usiseme itanifikisha leo tu.

Mchungaji Mchovu:

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimepata ya kandela 74,000, lumeni 1,100 tu, nyeupe, nimefunga juu. Na ya kichwani nyekundu ya kuzungusha mwanga taratibu kama alivyosema babu. Nikahama ile kona, nikakaa upande wa pili upepo unanipiga usoni.

Usiku wa kwanza, macho mawili kwenye uzio. Moyo unadunda. Nikangoja kama Mama Beberu, nikangoja, likaja lipaka la jirani linatembea juu ya nguzo halina habari. Usiku wa pili hakuna kitu, mbu tu. Wa tatu alitokea kule kule anakopitia siku zote, nikamshushia ule ukingo, akasimama, nikawasha nyeupe. Mkia, masikio, kila kitu naona, nyuma yake kuna tuta la udongo. Alikuwa hatua kama mia na ishirini. Hakusogea.

Bado mmoja, nimeona nyayo.

Babu wa Mitego:

Hongera. Huyo wa pili alikuwepo akiangalia, kwa hiyo mwanga wako ameshaujua. Mpe wiki mbili bila tochi, afu uhame tena kona.