Kuwasha moto nje bila kiberiti: zipi zinafanya kazi kweli na zipi ni za video tu? (tuna kambi Kayenze)

Mwl_Nyakato

Mwangaluka wakuu. Mimi ni mwalimu, ndo nalea kikundi cha skauti hapa Ilemela, mwezi wa 11 tuna kambi ufukweni upande wa Kayenze na vijana wa form two na form three. Nataka somo moja liwe kuwasha moto bila kiberiti, kwa vitu ambavyo kijana anaweza akawa navyo mfukoni au akaviokota pale pale. Mtandaoni video zimejaa, mara betri na karatasi ya sigara, mara chupa ya maji na jua, mara mawe mawili, mara ndimu imechomekwa misumari eti inawasha moto. Sitaki nisimame mbele ya watoto nifundishe kitu ambacho hakiwaki. Na mjue mwezi wa 11 ni vuli, kuni zitakuwa na unyevu na upepo wa ziwa mnaujua wenyewe. Naombeni wenye uzoefu mniambie ukweli, na hatari zake pia maana nabeba watoto wa watu.

Fundi Redio Mabatini

Mwalimu shikamoo, nianze na ndimu maana hiyo inaniuma kila nikiiona. Ndimu na misumari ya zinki na shaba inatoa umeme kweli, ndimu moja inakaribia volti moja, ukiunga kadhaa unapata volti za kutosha kusoma kwenye mita. Ila mkondo wake ni mdogo mno, hautoshi hata kupasha waya joto. Moto wa nyuzi za chuma unataka mkondo mkubwa, kwahiyo ile video ni uongo, wafundishe watoto hivyo hivyo kwamba ni uongo na kwanini, hilo lenyewe ni somo la fizikia.

Betri sasa. Njia ya karatasi ya sigara ni ya kweli. Unachukua ile karatasi ya ndani ya pakiti yenye upande wa fedha na upande wa karatasi (ganda la bigijii pia linafaa kama lina fedha ya kweli, mengi siku hizi ni nailoni iliyopakwa rangi), unakata utepe wa urefu wa kidole, kati kati unaubana mpaka unabaki kama milimita 2 hivi. Ncha mbili unazigusisha kwenye vichwa viwili vya betri moja ndogo ya rimoti, upande wa fedha ndo uguse. Umeme wote unalazimika kupita pale kwenye shingo nyembamba, panapata joto na karatasi inashika. Ila inashika sekunde chache tu inazima, kwahiyo kitu cha kupokea moto kiwe kimeshagusana na utepe KABLA hujaunganisha, sio uanze kutafuta majani wakati karatasi inaungua vidole.

Stiliwaya ya kusugulia sufuria nayo inawaka, lakini iwe ile ya nyuzi laini kama nywele. Zile za kujisokota springi springi ambazo zimejaa madukani nyuzi zake ni nene, hazikubali. Hii inataka volti 3 kwenda juu, betri mbili za tochi zikifuatana au ile ya pembe nne ya volti 9. Haitoi mwali, inakuwa kaa linalotembea kwenye nyuzi, unapuliza polepole. Na usiziweke mfuko mmoja stiliwaya na betri, itakuwakia kwenye begi.

KITU KIMOJA CHA MUHIMU: betri ya simu na pawabenki vijana wasiguse kabisa. Hizo ni lithiamu, ukizipiga shoti zinavimba na kulipuka na moto wake hauzimiki kirahisi. Hata betri kubwa za taa za dagaa waziache, ya maji ikitoka kuchajiwa inatoa gesi inayoshika moto, cheche moja pale tindikali inakuruka usoni.

mzee wa mwalo

Fundi kaongea vizuri lakini mimi naona mnaanzia mwisho. Cheche sio shida mwalimu, cheche zipo kila mahali. Shida ni kitu cha kuidaka hiyo cheche, na baada ya hapo vijiti vya kuilea mpaka iwe moto. Huku visiwani mvua ikipiga usiku kucha unakuta mtu ana viberiti vitatu vizima na moto hauwaki, anamaliza njiti zote kwenye gogo bichi.

Sisi kanda hii tuna pamba bana, watu wa kwingine wanaitafuta. Chambua pamba iwe laini, ipake mafuta ya mgando kidogo, sio uilowanishe yote, ndani ibaki nyuzi kavu. Tonge la ukubwa wa ndimu linawaka dakika kadhaa, na hata likinyeshewa kidogo unalichana kati kati kule ndani pakavu panashika. Watie kwenye kopo la mafuta lenye kifuniko, kila kijana na kopo lake. Hapo sasa hata kiberiti cha gesi kilichoisha gesi kinakutosha, maana jiwe lake bado linatoa cheche. Toa kile kibati cha juu, zungusha gurudumu taratibu sana ukisugua juu ya pamba kavu mpaka uone unga mweusi umedondoka, ndo upige kwa nguvu mara moja. Ule unga unalipuka mweupe na pamba inashika. Hiyo mimi naiamini kuliko zote maana viberiti vilivyoisha gesi vimetupwa kila mwalo.

Kuni mwezi wa 11: usiokote za chini. Tafuta tawi lililokufa likiwa bado limesimama au limening'inia, livunje, likilia kwa mkato ni kavu, likipinda liache. Kama yote yamelowa nje, pasua kwa panga uchukue moyo wa ndani, uuchonge vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti, vingine kama penseli, vingine kama kidole gumba. Vyote viwe vimepangwa pembeni kabla ya cheche ya kwanza. Magunzi ya mahindi yaliyokauka bebeni kutoka nyumbani, hakuna kitu kinashika kaa vizuri kama gunzi. Na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka kabisa, hicho hakiwaki kwa mwali lakini kinatunza moto muda mrefu.

boda wa Igombe

Mbona mnajichosha, kama kuna pikipiki au injini ya mtumbwi si unalowanisha kitambaa na petroli, unatoa plagi unaiweka karibu unapiga kiki, moto huo. Mvua inyeshe isinyeshe.

Fundi Redio Mabatini

Boda inawaka ndio, sikatai, na mtu mzima aliyekwama peke yake usiku anaweza akaamua. Ila sio mbele ya watoto. Petroli haiwaki ile ya maji, unaowaka ni mvuke wake, na mvuke ni mzito kuliko hewa unatambaa chini mpaka kwenye tanki na kwenye suruali yako. Cheche ikiukuta hewani haushiki kitambaa peke yake, unashika kila kitu ulipofika. Mwalimu hiyo ifute.

Mwl_Nyakato

Marahaba fundi, na asanteni sana wote. Mzee wa mwalo umenigeuza kabisa, nilikuwa nimepanga nusu saa ya cheche na dakika tano za kuni, nabadilisha iwe kinyume. Swali: kupekecha kijiti kwa mikono kama Wahadzabe, nijaribu na vijana au nitawakatisha tamaa? Na mawe je, Mwanza mawe tunayo ya kumwaga. Na jua?

dada wa Nansio

Mwalimu mimi nimefundisha vijana wa kanisani hayo mambo, ngoja nikujibu moja moja.

Mawe: jiwe kwa jiwe hapana. Cheche ile unayoiona ukigonganisha mawe meupe gizani haina joto la kushika kitu. Kinachowaka ni vipande vidogo vya chuma vinavyochunwa na jiwe, kwahiyo unahitaji jiwe gumu lenye kona kali (yale meupe ya kung'aa yanapatikana sana, hasa ukielekea Geita) na chuma kigumu, tupa ya zamani ndo nzuri. Kisu cha jikoni kisichoshika kutu hakitoi kitu. Na cheche yake ni dhaifu kuliko ya kiberiti cha gesi, pamba ya kawaida haiidaki, inataka kitambaa cha pamba kilichounguzwa: unakatakata kitenge chakavu cha pamba tupu au fulana kuukuu, unatia kwenye kopo la bati lenye kifuniko na tundu dogo la msumari, unaliweka kwenye makaa mpaka moshi uache kutoka, unaliacha lipoe bila kufungua. Vinatoka vipande vyeusi, cheche ikitua tu vinakuwa na kaa jekundu. Hilo watoto wanalipenda mno, fanyeni usiku wa kwanza mtumie asubuhi.

Jua: linawezekana na sisi tuko jirani na ikweta, jua la mchana linapiga karibu utosini. Ila kuanzia kama saa tano mpaka saa tisa, na kusiwe na wingu hata jepesi. Kioo cha kukuzia maandishi ndo bora. Miwani ya kusomea ya wazee inafanya, ile ya wasioona mbali haifanyi kabisa maana inatawanya mwanga badala ya kuukusanya. Namba ikiwa kubwa ndo rahisi zaidi, ya +4 doa linakaa sentimita 25 kutoka kwenye kioo, ya +2 linakaa nusu mita na mkono ukitikisika kidogo limekimbia. Chupa ya maji yenye bega la mviringo, maji safi, inawezekana lakini inataka subira kweli kweli. Hapa uelekeze kwenye kitu CHEUSI, vile vitambaa vilivyoungua vinafaa sana, karatasi nyeupe inarudisha mwanga. Kijana asiangalie lile doa muda mrefu, macho yanaumia. Na mpange isiwe tegemeo, vuli mawingu mengi.

Kupekecha: wajaribu, lakini uwaambie mapema ni kazi. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanapokezana watu wawili watatu, mikono ya mmoja ikifika chini mwingine anaanzia juu, kijiti hakisimami. Sisi hapa mti rahisi ni ule mlingoti wa mkonge uliokauka wenyewe, upo kwenye mipaka ya mashamba. Ni laini na mwepesi, upasue upate ubao wa chini, chimba kishimo, kata pembeni mkato wa kama V ili unga udondoke. Unga ukiwa wa kahawia tu endelea, ukiwa mweusi na moshi unaendelea kutoka hata ukiacha kupekecha, hapo kuna kaa. Liache lipumue kidogo ndo ulitie kwenye kiota cha nyuzi na majani makavu upulize. Kwa mvua ya mwezi wa 11 mtafute huo mlingoti kuanzia sasa muuweke ndani.

Alafu minyaa msiichome, wala wasiivunje kutafuta vijiti. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali, na moshi wake unawasha macho. Na mafiga msitoe mawe ndani ya maji, jiwe lililonyonya maji likipata moto linapasuka na kurusha vipande. Chukueni ya juu, makavu.

mzee wa mwalo

Dada wa Nansio umenena. Niongeze la upepo. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwahiyo moto mliouwasha saa kumi mahema yakiwa salama, saa sita usiku moshi na cheche zinaelekea kwingine. Mahema yasiwe upande wa nchi kavu wala upande wa ziwani kutoka kwenye moto, yakae ubavuni, na msiwashe karibu na matete na mafunjo yaliyokauka. Kuzima, maji mko nayo hapo, mwagia, koroga, mwagia tena mpaka ushike kwa mkono. Na mvua ikinyesha mtu asije akaingiza jiko la mkaa ndani ya hema eti kupasha, ule moshi usioonekana unaua watu wamelala. Zimamoto ni 114, waandike namba wote.

Mwl_Nyakato

Nimeandika yote. La mwisho, hiyo pamba kwa mwezi wa 11 naipata wapi, mashambani si watakuwa ndo wanapanda?

mzee wa mwalo

Shambani huipati, ilishauzwa kuanzia mwezi wa tano wa sita huko. Nenda duka la dawa, ile ya roli, ila soma iandikwe pamba tupu. Chomoa uzi uuchome pale nje, ikiwaka na kuacha majivu laini ni yenyewe, ikiyeyuka na kuwa kidonge kigumu ni nailoni, irudishe. Ukikosa kabisa uliza watu wenye mito ya zamani ya sufi, sufi nayo inadaka cheche haraka sana, tena izuieni isipeperuke kabla hamjawa tayari.

boda wa Igombe

Mwalimu mlingoti wa mkonge upo mingi tu njia ya huku Igombe, wamiliki nawajua. Sema siku nikuchukue, tunaomba tunakata tunakuletea shuleni.