Hamu ya vitu vitamu inanishinda, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mwenzenu nina shida na sukari. Asubuhi na mchana niko sawa kabisa, lakini ikifika saa kumi jioni natafuta biskuti au chokoleti kama mtu aliyetumwa. Usiku nikishakula nikashiba, bado mdomo unadai kitu kitamu. Tumbo limejaa, sasa hiyo njaa inatoka wapi?

Nilishtuka nilipopiga hesabu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Kopo moja la soda la mililita 330 lina karibu gramu 35! Mimi nakunywa mawili, bado chai yenye vijiko vitatu.

Nimejaribu kuacha ghafla mara mbili. Siku ya tatu kichwa kinauma, nakuwa mkali hata kwa watoto, halafu narudia kwa fujo kuliko mwanzo.

Mliofanikiwa, mlipunguza kidogo kidogo au mlikata moja kwa moja? Na hiyo saa kumi mnaivukaje? Nikila mayai au karanga mchana naona hamu inachelewa, ila haiishi. Kisukari sina, nilipima mwezi uliopita.