Naombeni ushauri: mtoto anakosa silabi za Kiingereza na usaili umekaribia

Mama Ima
Habari zenu wakuu. Nina kijana wangu wa miaka 5, yuko chekechea ya Kiingereza huku Tabata. Silabi za Kiswahili hazimsumbui, ukimwambia "kalamu" anapiga makofi ka-la-mu bila kusita. Tukihamia Kiingereza anaharibu, karibu kila neno anazidisha makofi. Mwalimu wake ameniandikia kwenye daftari kwamba mtoto yuko nyuma, nimsaidie nyumbani. Mimi nimesoma shule ya kata, Kiingereza changu ni cha kuungaunga, sijui nianzie wapi. Wenye uzoefu naombeni njia. Usaili wa darasa la kwanza kwenye shule nyingine unakuja na usingizi sipati.

Fundi Nondo
Dada, mtoto wa miaka 5 na usaili wapi na wapi? Sisi Mbagala tulihesabu kwa visoda chini ya mwembe na leo napandisha maghorofa Kariakoo. Mwache mtoto acheze.

Mkereketwa
Tatizo ni sisi wazazi. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, lakini tunazikimbia ili jirani aone gari la shule limesimama getini. Halafu tunakuja kulia humu.

Mwalimu wa Awali
Mama Ima, pole. Anza kwa kuficha maandishi, silabi ni kazi ya sikio. Mwekee vitu vyenyewe mezani: kikombe, ndizi, mpira. Aweke kiganja chini ya kidevu, atamke neno kama anavyoongea siku zote, asilikatekate. Kidevu kikishuka mara moja ni silabi moja. "Cup" mara moja, "baby" mara mbili, "banana" mara tatu. Makofi yaje baadaye, kwa sababu mtoto aliyezoea ka-la-mu mkono wenyewe unamvuta atie irabu pasipo na irabu.
Nisaidie na hili: akitoka shule anashinda na nani, na umebadilisha nini nyumbani tangu uandikiwe?

Mama Ima
Asante mwalimu. Anashinda na watu wa nyumbani tu. Naomba tubaki kwenye silabi.

Baba Mapacha
Mwalimu kasema kweli kuhusu maandishi. Wangu mmoja alikuwa anasoma "cake" ka-ke, makofi mawili, kwa sababu ile e anaiona. Nilimfokea mpaka akaanza kujificha uvunguni akiona daftari. Mama yake ndiye aliyechukua sahani ya keki, akamwambia taja jina lake kisha ule. Akasema "cake", kofi moja, akala. Na zile "jumped" na "wanted" ndiyo kabisa. Zote zina ed mwishoni, lakini ya kwanza ni kofi moja na ya pili mawili. Ukimwonyesha maandishi unampoteza.

Zuhura wa Temeke
Mama Ima, "watu wa nyumbani" ni akina nani? Mwalimu kakuuliza vizuri, wewe unamkwepa.

Mama Ima
Basi niseme. Anashinda na bibi yake. Mwalimu wa darasa aliniambia Kiswahili kingi cha nyumbani ndicho kinamchanganya mtoto. Nimemwomba bibi aache kumsimulia hadithi na kumtegea vitendawili, na nimeshamkatia tiketi ya kurudi Lushoto Jumamosi, atapandia Stendi ya Magufuli. Atakuja dada anayejua Kiingereza. Msinihukumu. Nimeshalipa nusu ya ada kule, na mtoto wa mwenzangu kazini aliachwa kwenye usaili kama huu. Nani atanirudishia ile hela mwanangu akikosa?

Zuhura wa Temeke
Subhanallah. Bibi anafukuzwa kwa sababu ya silabi?

Mkereketwa
Nilisema mimi.

Jicho la Tatu
Wakuu, mnapigwa chai hapa. Uzi ulianza na makofi, sasa tuna bibi, tiketi na nusu ya ada. Huyu ana ugomvi na mama mkwe, silabi kazitafuta ili tumbariki. Chekechea gani inampima mtoto silabi?

Mama Ima
Ni mama yangu mzazi, aliyenizaa. Na karatasi ya jaribio ninayo hapa, ilikuwa ya picha, mtoto anachora vistari badala ya makofi. Nimemwambia azitamke tena nikasikia anavyokata. "School" vitatu, s-ku-li. "Milk" vitatu, mi-li-ki. "Desk" vitatu, de-si-ki. "Bag" viwili, be-gi. Hizo zote kosa. "Banana" vitatu na "table" viwili ndizo zimepata tiki.

Mwalimu wa Awali
Jicho la Tatu, karatasi hiyo siyo ya kutunga. Anayetunga angeweka makosa ovyo. Huyu mtoto anakosea kwa mpangilio: konsonanti iliyobaki bila irabu anaipa irabu, kama sisi wakubwa tulivyoipokea "bag" ikawa begi. Hata ile s ya "school" ameipa kistari chake, kama tunavyoipa kofi m ya "mtu". Na "table" ameipata, wakati mwisho wake wapo wengi wanaotamka l peke yake ikibeba silabi nzima. Sikio lake ni zima.
Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake huko Marekani waliwapima watoto kugonga silabi za lugha yao wenyewe. Wa miaka 5 waliofaulu hawakufika nusu, wa miaka 6 walifaulu asilimia 90. Mama Ima, wako ana miaka 5 na hii ni lugha ya pili. Kukata neno amejifunzia kwenye Kiswahili, na Kiingereza kinaingilia mlango huohuo. Mrudishie bibi vitendawili vyake. Jioni wakae pamoja na visoda vya Fundi Nondo: bibi anasema "begi", mtoto anaweka viwili. Wewe unasema "bag", anaweka kimoja. Asikie tofauti, usimwambie kakosea.

Fundi Nondo
Visoda vimepata heshima. Mwalimu, "chocolate" ni ngapi?

Mwalimu wa Awali
Wengine hutamka mbili, wengine tatu. Usimpe mtoto hiyo.

Mama Ima
Tumejaribu jioni hii. "Bag" ameweka kimoja, "desk" kimoja, "milk" bado anaweka viwili. Mama alikuwa anasema "maziwa" kwa sauti na mtoto anacheka. Lakini usaili siufuti, hilo niseme wazi.

Zuhura wa Temeke
Usiufute. Tiketi je?

Mama Ima
Nimewapigia watu wa basi. Nauli hawarudishi, tarehe wanabadilisha.

Zuhura wa Temeke
Isogeze mpaka Desemba shule zikifungwa, aende na mjukuu wake.