Mrejesho: mti wa upinde, baada ya ule wa kwanza kukatika

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa kwa nini upinde wangu wa mishale ulikatika mgongoni (upande unaotazama mbele, mbali na mrushaji), nikidhani nilichagua mti mbaya. Wengi mlinijibu nitazame nyuzi za ubao (mistari ya mti wenyewe) kabla ya kulaumu mti. Mlikuwa sahihi kabisa. Nilipokiangalia kile kipande, nyuzi zilikuwa zinakatisha kwa mshazari na kutokea pembeni, na ufa ulifuata njia hiyohiyo.

Safari hii nimetumia hikori, aina ya mti mgumu, kwa kuwa mgongo wake huhimili sana mvutano. Nilichagua gogo lililonyooka, lisilo na vifundo, nikalipasua kwa kabari badala ya msumeno ili nyuzi zenyewe zinionyeshe njia. Ncha nilizipaka gundi zisipasuke. Kisha nikabandua gome na kuuacha mgongo vilevile, pete moja ya ukuaji (tabaka ambalo mti huongeza kila mwaka) kutoka ncha hadi ncha, bila kuigusa kwa kisu.

Kukausha ndiko kulikonitesa. Nilikuwa napima uzito kila wiki, na sikuanza kuchonga mpaka ulipoacha kupungua. Mbao mbichi ingepinda na kubaki imepinda.

Kuchonga nimechonga upande wa tumbo tu (unaomtazama mrushaji), kidogokidogo, nikiukunja upinde na kulinganisha mikono yake yote miwili, yaani nusu ya juu na ya chini. Jana nimerusha mishale zaidi ya hamsini. Hakuna ufa hata mmoja! Asanteni sana, hasa aliyesisitiza habari ya kabari.