Ukuta wa Xi'an kwa baiskeli: ya watu wawili au kila mtu na yake?

MTOA MADA: Wakuu habari zenu. Mimi na waifu tunaenda China na ratiba ina siku ya Xi'an, tunataka tupande ule ukuta wa mji wa zamani tuuzunguke juu kwa juu na baiskeli, ni kama kilomita 14 hivi. Sasa yeye anataka ile baiskeli ya watu wawili, eti tumekwenda kutembea pamoja, mimi naona kila mtu achukue yake maana huyu akiona kitu lazima asimame apige picha. Kuendesha anajua ila hajagusa baiskeli siku nyingi. Mliowahi kupita pale nishaurini.

MDAU 1: Mkuu chukua ya wawili uokoe ndoa 😂

MDAU 2: Kaka mimi na mume wangu tulichukua ya wawili. Wa mbele ndo ana usukani na breki, wa nyuma anakanyaga tu huku anaangalia mgongo wa mwenzie, na pedeli zinazunguka pamoja kwa hiyo ukiongeza spidi na yeye miguu inakimbizwa apende asipende. Halafu nzito! Kuondoka na kusimama lazima muambizane, la sivyo mnayumba. Ila kwa aliyesahau kuendesha ni nafuu, usukani haumhusu.

MDAU 3: Mnasahau kumwambia pale juu ni matofali, sio lami, ukuta wa enzi za Ming, ule ukoo wa kifalme wa China, miaka ya 1370 huko, umekarabatiwa sawa lakini makalio yatajua. Nafasi ipo, upana juu ni mita 12 na zaidi, mnaenda sambamba mnapiga stori kila mtu na baiskeli yake, kwa hiyo hiyo hoja ya shemeji ya "pamoja" haina mashiko. Kivuli ndo hakuna. Kama ni kiangazi nendeni asubuhi au jua likishalegea, na maji mbebe.

MDAU 4: Kuhusu picha mpangie vituo. Kuna vibaraza vinachomoza nje ya ukuta, viko 98, kila mita 120 hivi, walivipanga hivyo ili adui akisogea ukutani apigwe mishale kutoka pande mbili. Akisimama kwenye kila kimoja mtalala huko juu, mkubaliane vichache tu. Anzieni geti la kusini, Yongning, na kabla hamjalipa ulizeni kama baiskeli inarudishwa geti lingine, maana mkichoka mkiwa geti la Anding upande wa magharibi hakuna sababu ya kujitesa mzunguko mzima.

MDAU 1: Bado nasema ya wawili, akae mbele yeye.

MTOA MADA: Nimemsomea zote. Amekubali kila mtu yake ila yeye ndo atangulie na mimi nisimpite. Hivyo vibaraza anataka 20, tumefika 12, mazungumzo yanaendelea 😅