Waifai inashika ila IP haitoki, gesti Jambiani

mpwani_jbn
Asalaam alaykum wadau. Nna gesti ndogo huku Jambiani, vyumba vinane, na mchana tunauza chakula kwa wageni wapita njia. Asubuhi waifai iko poa, ikifika saa nane mchana mgeni anaandika paswedi vizuri tu simu inabaki "inapata anwani ya IP" inazunguka weee mwisho inakata, na wa vyumbani wao wanaendelea hawana habari. Nikizima ruta nikiwasha inakubali, baada ya siku mbili yale yale. Bando limo nshalipia. Ndani ya ruta nimeona IP zinaanzia .100 mpaka .199, na palipoandikwa lease time pana masaa 168. Ndo nini hicho?

yakhe_wa_chake
Ndo mchawi wako huyo yakhe. Lease time ni muda ruta inaiwekea simu IP, yaani namba yake ya kwenye mtandao, na masaa 168 ni wiki nzima. Mtu kaja, kala pweza wake, kenda zake Paje, simu haikuaga, ruta bado inamuwekea IP mpaka siku saba zishe. Unazo mia tu, kwa siku wakija sitini wapya kesho yake unazifikisha lini jioni?

dogo_mitandao
weka dk 5 umalize kesi

yakhe_wa_chake
Dk 5 usithubutu. Simu huomba kuongezewa muda ukifika nusu, sasa kila dk 2 na nusu simu zote zinagonga mlango, ruta ikiganda kidogo tu wote wanapoteza IP. Weka masaa 2. Likifika lisaa limoja simu inaomba, ikikosa jibu bado ina lisaa jengine la kuendelea kuomba. Anzia .20 ishie .250, hapo unapata 231.

mpwani_jbn
Nimefanya yote na bado wengine wanaipata kwa tabu, zile za zamani naziona bado zimekaa. Na printa ya mapokezi nikirestati ruta inahama IP, kompyuta haiioni.

yakhe_wa_chake
Zile zishatolewa kwa wiki, muda mpya hauzihusu. Zifute usiku wageni wa mchana washaondoka, halafu restati ruta, simu zote ziombe upya. Printa ifungie IP yake kwa MAC, ile namba ya kifaa chenyewe, ruta nyingi zina sehemu hiyo palepale kwenye DHCP, panapogawiwa IP.

mpwani_jbn
Saa nane na nusu sasa, nimehesabu kwenye orodha zimo 71, na meza ya pembeni kuna mzungu anapiga video kol na mamake anamuonesha pweza. Printa nayo imetulia. Ahsante sana sheikh, ukivuka kuja Unguja chakula juu yangu.